Dar inakua: barabara za mitaani zitajengwa kwa fedha ya nani?

Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao zaidi ya milioni 1 walioongezeka hawakwenda kujenga Upanga, katikati ya jiji. Wengi wako pembezoni, Chanika, Msongola, Goba na kwingineko, ambako nyumba hutangulia na barabara hufuata baadaye, tena kwa kusuasua.

Mimi ni mhandisi wa barabara, na kila masika watu huniuliza: greda si limepita juzi tu, mbona leo hapapitiki?

Greda likipita bila kumwaga kifusi wala changarawe, kazi yake ni kukwangua. Kila mwaka linaondoka na tabaka jingine la udongo, mpaka barabara inakuwa chini kuliko viwanja vya pande zote mbili. Ule mgongo wa katikati, unaoyasukuma maji yaende pembeni, unapotea. Mtaro, kama ulikuwepo, umejaa mchanga. Mvua ikishuka, maji ya mtaa mzima yanakimbilia humo, yanakula kingo za kalavati, na daladala zinaanza kukatisha ruti. Mama aliyetoka Kariakoo na mzigo wake anashushwa mbali na kwake, anamalizia kwa bodaboda kwa nauli inayozidi aliyolipa tangu mjini.

Kwa hiyo fedha ilitoka, ila ilikuwa ya kukwangua. Mtaa unaojaa watu unahitaji fedha ya kujenga: kuinua tuta, kuchimba mitaro, kuweka makalavati yenye kipenyo cha kutosha, kisha lami.

Barabara hizi ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa 2017. Tegemeo lake kubwa ni Mfuko wa Barabara, yaani tozo iliyomo kwenye kila lita ya mafuta. Kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa barabara za wilaya, ilhali TANROADS ina takriban kilomita 36,000 na TARURA zaidi ya 100,000. Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara hizi. Nilifurahi kwa dhati, lakini bado ni fedha ya kugawana nchi nzima.

Wapo wanaosema manispaa zijitegemee. Kwa kodi ipi? Tozo ya mafuta ni ya Serikali Kuu, na kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Aliyeshika vyanzo vikubwa ndiye anayepaswa kubeba mzigo mkubwa.

Tena Serikali Kuu ina maslahi yake hapo. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, kilomita 20.9 zilizoanza kutumika 2016, imejengwa kwa mkopo wa Serikali kutoka Benki ya Dunia. Abiria wa kujaza basi pale Kimara anatoka ndani huko, kwenye udongo. Asipofika kituoni, njia ile ya gharama inakosa watu.

Ninachoomba ni mgawo unaohesabu idadi ya watu na kasi ya ongezeko lao, si urefu wa barabara peke yake. Na fedha ikifika, ianzie kwenye mitaro na kwenye hifadhi ya barabara, yaani eneo linalotengwa kwa ajili yake; hifadhi hiyo ipimwe na kuwekewa mawe mapema, wakati viwanja bado havijazungushiwa ukuta na fidia bado inalipika.