Fungua chemba kabla choo hakijagoma

Siku choo kinapogoma na maji kuanza kurudi juu, lawama zote humwendea fundi aliyejenga. Kuna mafundi wanaostahili lawama hizo: bomba likilazwa bila mteremko, uchafu hutuama. Lakini mara nyingi tukizibua tunakuta kilichoziba kimetoka jikoni.

Mafuta ya kukaangia samaki au chipsi yakimwagwa kwenye sinki yakiwa ya moto hupita bila shida, ndiyo maana mtu huona yamekwisha. Huko chini hupoa, yakashikana na sabuni na punje za wali, yakajipaka kwenye kuta za bomba. Kesho yanaongezeka mengine. Bomba la inchi 4 linapungua taratibu bila mwenye nyumba kujua. Nimeshashika vipande vya mafuta hayo vilivyotolewa kwenye chemba, yaani shimo lenye mfuniko la kukagulia na kuzibulia bomba la majitaka: vyeupe, vigumu kama sabuni ya mche, na harufu yake hainawiki kirahisi. Kumwaga maji ya moto hakusaidii sana, kwani mafuta husogea mbele kidogo na kuganda tena, pengine kwa jirani. Acha mafuta yapoe, yamimine kwenye chupa tupu ya maji, funga kizibo, tupa pamoja na taka ngumu. Kikaango kifute kwa gazeti kabla ya kukiosha. Na wanaosugua masufuria kwa mchanga wasimwage mchanga huo kwenye sinki.

Chooni, kinachotusumbua zaidi ni pedi, pampasi na vitambaa laini vya kufutia watoto. Chukua glasi mbili za maji. Moja weka kipande cha toilet pepa, nyingine kitambaa hicho, kisha koroga zote. Karatasi itasambaratika, kitambaa kitabaki kizima. Ndivyo kinavyobaki ndani ya bomba pia, kikisubiri mafuta yaje yakishikilie. Weka ndoo yenye mfuniko chooni, hasa kwenye nyumba za wapangaji wengi.

Halafu kuna masika. Uani kukijaa maji, mtu hufungua mfuniko wa chemba ili yaondoke. Yanaondoka kweli, lakini yanakwenda na mchanga, majani na mifuko. Bomba la majitaka halikukadiriwa kubeba mvua ya Machi hadi Mei. Likielemewa, maji hutafuta tundu lililo chini kuliko yote, mara nyingi choo cha ghorofa ya chini. Wa juu hata habari hana. Ni kosa lilelile kuelekeza mabomba ya paa kwenye chemba.

Dalili huanza mapema: choo kinatoa mlio wa mapovu unapomwaga maji ya kufulia, maji ya bafuni yanatuama, harufu inapanda jioni. Ukiziona, inua mfuniko wa chemba ya mwisho, ile iliyo karibu na barabara. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele, kuelekea bomba la mtaa. Toa taarifa DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, eleza chemba iko wapi na imeanza kufurika lini. Ikiwa tupu huku choo hakishuki, kizuizi kiko ndani ya kiwanja chako, na hapo ni kazi ya fundi wako. Wakati unasubiri, acheni kutumia maji nyumba nzima, wakiwemo wa ghorofani.

Asiingie mtu ndani ya chemba, hata kama ni fupi na hata kama kijana amejitolea kwa elfu kumi. Hewa ya humo inaweza kuua. Mwanzoni hunuka kama yai bovu, kisha pua huacha kuinusa, mtu akadhani imeisha. Anayeruka kumwokoa mwenzake huanguka naye. Tumia fimbo za kuzibulia ukiwa umesimama juu, vaa glavu, na watoto wakae mbali mpaka mfuniko urudi mahali pake.