Nafasi ya Mwananchi Katika Kuwapatia Makazi Wanaolala Nje

Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii, wananchi wenye nia njema huniuliza mara kwa mara walete nini: chakula, nguo au blanketi. Vyote vinafaa, kwani anayelala nje usiku wa mvua hawezi kuambiwa asubiri sera. Hata hivyo, misaada ya aina hiyo humwezesha mtu kuvumilia maisha ya barabarani bila kumtoa huko. Kinachomtoa ni nyumba, na mwananchi anaweza kusaidia sana kuhakikisha kwamba nyumba hiyo inamfikia.

Kuhesabu watu usiku mmoja kwa mwaka huipatia ripoti takwimu, lakini hakumwonyeshi mtendaji nani amekwama na kwa sababu gani. Ndiyo maana napendelea orodha ya majina inayohuishwa kila wiki, kwa ridhaa ya walioandikwa. Katika kikao cha orodha hiyo, afisa wa halmashauri, muuguzi, mwakilishi wa shirika la dini na mtu aliyewahi kulala nje hupitia jina moja baada ya jingine. Huyu hana kitambulisho: mwenye nyumba hakubali kumpangisha bila hicho, na ofisi inayokitoa inadai anwani ya makazi. Yule amepangiwa chumba, ila haonekani tena mahali alipozoea kulala. Hapo ndipo mlinzi wa zamu ya usiku au muuza magazeti anapokuwa na taarifa ambazo ofisi haina, maana yeye ndiye aliyemwona akihamia upande wa pili wa stesheni. Orodha hiyo lazima iwe ya siri. Ikifika mikononi mwa wanaotaka kuwafukuza watu hao, hakuna atakayekubali tena kutaja jina lake, na itakuwa haki yake.

Waliokosa makazi wenyewe nao wanaweza kuongoza kazi hii. Mwaka 1985, wakazi wa vibanda vya kando ya barabara mjini Mumbai, India, ambao wakati huo uliitwa Bombay, walishirikiana na SPARC, shirika lisilo la kiserikali, kufanya sensa ya kaya zao, na hivyo wakawa na takwimu zao wenyewe za kupeleka mbele ya wakuu wa jiji. Mwaka uliofuata wanawake wa vibanda hivyo waliunda Mahila Milan, mtandao wa vikundi vya kuweka akiba na kudai makazi. Nautaja mfano huu kwa sababu mikutano mingi inayoitwa shirikishi huwaalika wahusika wakati uamuzi umeshapitishwa, wakasikilizwa kwa adabu na kurudishwa walikotoka.

Sehemu ngumu zaidi ni majirani. Watu wengi huunga mkono mpango wa makazi hadi jengo linapopangwa mtaani kwao. Nchini Ufini, taasisi ya Y-Säätiö, iliyoanzishwa mwaka 1985, imenunua nyumba mojamoja ndani ya majengo ya kawaida, hivyo wapangaji wake huishi miongoni mwa majirani wengine, na tangu mwaka 2008 serikali imefuata sera ya kumpa mtu makazi kwanza, bila kumtaka aache pombe au apate kazi kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Idadi ya wasio na makazi, iliyozidi 15,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, ilishuka chini ya 4,000 kufikia mwaka 2022.

Kwa maoni yangu, majirani wasiulizwe kama mtu fulani ana haki ya kuishi karibu nao, kwa sababu haki hiyo haipigiwi kura. Waulizwe mambo ya uendeshaji: taa za njiani, kelele, taka, na nani atapokea simu saa nane usiku tatizo likitokea. Namba ya mtu huyo igawiwe kabla mpangaji wa kwanza hajahamia, na mikutano iendelee baada ya hapo, wapangaji wapya wakihudhuria kama wakazi wengine wa mtaa.