Jengo tupu la mjini likitaka kuwa nyumba ya sanaa, tuanze juu ya paa

Ukitoka bandarini Malindi ukaifuata barabara ya Mizingani, Unguja, huwezi kulipita jengo la Zahanati ya Zamani bila kuinua macho. Roshani zake za mbao zimechongwa nakshi hadi zinafanana na kitambaa cha kufuma. Tajiri Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, akikusudia liwe hospitali kwa kumbukumbu ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891, kazi haijakwisha. Baadaye lilipata mwenyewe mwingine, chini pakawa zahanati. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaachwa, likachakaa. Miaka ya tisini Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalikarabati, likawa kituo cha utamaduni.

Watu wenye jengo lililofungwa miaka mingi hunijia na picha ya jumba hilo kwenye simu, wakiuliza kama lao nalo linaweza kufika huko. Mara nyingi linaweza. Lakini kabla ya kuzungumza rangi, jina la kituo au wafadhili, mimi huuliza maji yanaingilia wapi.

Majengo ya Mji Mkongwe hayakujengwa kwa saruji. Kuta zake nene ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko hautoi boriti ndefu, vyumba vingi vina upana wa mita tatu hivi, ingawa urefu wake unaweza kuendelea tu. Kila boriti imezamisha ncha zake ukutani. Paa likivuja, maji hushuka ndani kwa ndani, na ncha hizo ndizo huoza kwanza, pale jicho lisipofika.

Fundi anayeijua kazi hupanda ngazi, akagonga boriti katikati, kisha akasogea taratibu hadi inapoingia ukutani, akagonga tena. Boriti nzima hulia ko, ko. Iliyooza hujibu bu, kama umegonga gunia. Hapo huchomeka bisibisi. Ikizama hadi mpinini, chumba cha juu hufungwa siku hiyo hiyo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni lipu ya saruji. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuvisha saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi husukuma kutoka nyuma, na lipu hubanduka pamoja na vipande vya ukuta. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya ghorofa mbili ambayo kikundi cha vijana kiliipiga saruji na rangi nyeupe ili iwahi sherehe ya ufunguzi. Gata, ule mfereji unaopokea maji ya paa, lilikuwa limeziba kwa majani, halikuguswa. Masika moja ilitosha. Iliniuma sana, maana fedha zile walichanga wenyewe, na kuibandua ile saruji kuligharimu zaidi kuliko kuipiga.

Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilifungwa kwa wageni mwaka 2012 baada ya sehemu yake kuanguka. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande mkubwa wa jumba uliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo likishaanza kusema, asiyelisikiliza anacheza na roho za watu.

Likishasimama salama, chagueni sanaa inayoendana na mwili wake. Mwaka 2002 kilianzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na kwa miaka mingi kilifundisha ndani ya Forodha ya Zamani, palepale Mizingani. Chumba chembamba kinamtosha mwalimu na wanafunzi wachache, na ukuta mnene unazuia udi wa chumba hiki usigombane na fidla ya chumba cha pili. Ngoma ni jambo jingine. Wachezaji 20 wakikanyaga kwa pamoja juu ya boriti za mikoko, wanaitwisha sakafu mzigo ambao haikukusudiwa. Wapeni ua au ukumbi wa chini. Jijini Nairobi, kituo cha sanaa cha GoDown kilianza mwaka 2003 ndani ya lililokuwa ghala la kutengenezea magari, na kwa dansi sehemu pana kama ile ni neema.

Chuo hicho cha muziki kimewahi kuomba msaada hadharani ili kisifungwe, kwa kuwa wanafunzi wengi hawamudu ada. Kwa hiyo kubalianeni kabla ya kukata utepe: umeme analipa nani, na nani anamlipa mtu wa kusafisha gata kila mwaka? Wazee wetu walikuwa na njia yao. Maduka yaliwekwa wakfu ili kodi yake iutunze msikiti. Kituo cha sanaa nacho kinaweza kupangisha vyumba vya mbele vya chini kwa fundi cherehani au muuza kahawa, na kodi hiyo ikaandikwa kwenye katiba ya kituo kuwa ni ya paa, haiguswi kwa jambo jingine.

Kwa Mji Mkongwe, hakuna jiwe linalogeuzwa bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Pia hakikisheni mapema kama jengo ni la serikali, la wakfu au la warithi, na mkataba wa kukodi uwe wa miaka ya kutosha kurudisha jasho lenu.

Masika huanza Machi. Kama mna jengo mnaloliwazia, nendeni Februari na ngazi, tochi na bisibisi, mwende pamoja na fundi wa chokaa. Anzeni na gata, mkishuka nalo hadi bomba la chini. Kisha rudini siku ya mvua kubwa ya kwanza, msimame ndani, na mtie alama ya chaki kila tone linapoangukia.