Mkoa upi una nafuu? Dhana potofu tunapolinganisha maisha ya watu

Orodha ya mikoa ikitoka, macho hukimbilia sehemu mbili: nani kaongoza na nani kashika mkia. Maelezo madogo chini ya jedwali hayasomwi na mtu, na dhana nyingi potofu zingeishia hapo hapo kama yangesomwa.

"Mkoa wenye pato kubwa ndio wenye maisha mazuri"

Pato la mkoa ni thamani ya kinachozalishwa ndani ya mipaka yake. Halisemi fedha zinaingia mfukoni mwa nani. Chukua Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Gesi asilia iliyoanza kuchimbwa huko mwaka 1963 iliuweka mkoa huo kati ya yenye pato kubwa kwa kila mkazi barani Ulaya, ilhali kipato kinachobaki mikononi mwa kaya zake kilikuwa chini ya wastani wa nchi. Fedha za gesi zilikwenda hazina ya serikali na kwa kampuni za uchimbaji. Wakazi wakaachiwa ardhi inayotikisika. Tetemeko la Huizinge, Agosti 2012, lilikuwa na ukubwa wa 3.6 tu, lakini lilitosha kupasua kuta za nyumba. Na kichekesho ni hiki: fundi akilipwa kuziba nyufa, malipo yake nayo yanahesabiwa kwenye pato la mkoa.

Katikati ya London tatizo ni jingine. Sehemu kubwa ya thamani ya pale inazalishwa na watu wanaoingia asubuhi na kurudi kulala kwingine jioni, kisha jumla inagawanywa kwa wanaolala pale pekee. Wachache hao wanaonekana matajiri kupita kiasi.

Wala si ugunduzi wa juzi. Simon Kuznets, aliyeongoza makadirio ya pato la taifa la Marekani, aliliandikia Baraza la Seneti mwaka 1934 kwamba ni vigumu kuukisia ustawi wa taifa kwa kupima pato lake. Kipimo kikashika, onyo likasahaulika.

"Wastani ukiwa juu, mkoa umewatendea watu wake vizuri zaidi"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu hata wanaojua hesabu huiangukia. Tuseme tuna mikoa miwili na tunapima upatikanaji wa maji safi. Namba hizi ni za mfano tu.

Mkoa wa kwanza: mjini asilimia 90 wana maji, vijijini asilimia 50.
Mkoa wa pili: mjini asilimia 80, vijijini asilimia 40.

Wa kwanza umeshinda kotekote, mjini na kijijini. Sasa ongeza jambo moja: katika mkoa wa kwanza watu 20 kati ya 100 wanaishi mjini, katika wa pili ni 80 kati ya 100. Piga hesabu ya mkoa mzima. Wa kwanza unapata asilimia 58, wa pili asilimia 72. Aliyeshinda kila mahali ameshindwa kwenye jumla! Jedwali litaandika 58 na 72, na afisa wa mkoa wa kwanza ataitwa kujieleza. Kilichopimwa hapo zaidi ni wapi watu wanaishi, si nani kafanya kazi vizuri. Kabla ya kulaumu au kusifu, omba takwimu zilizotenganishwa.

"Maskini ni maskini, inatosha kuwahesabu"

Kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, kilichoingia katika Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya mwaka 2010, kinaikagua kaya kwa viashiria 10 vya afya, elimu na hali ya maisha: mtoto anasoma au la, umeme upo au la, choo kikoje. Kila kiashiria hupewa uzito wake, yaani kinahesabika kiasi gani, na kaya yenye upungufu unaofikia theluthi moja ya uzito wote huhesabiwa maskini. Kisha asilimia ya watu walio maskini huzidishwa kwa kina cha upungufu wao, yaani wastani wa sehemu ya uzito huo wanayoikosa. Mikoa miwili inaweza kuwa na asilimia 40 ya maskini kila mmoja. Wa kwanza wana wastani wa upungufu wa asilimia 35, wa pili asilimia 60. Kwa kipimo hiki ni 0.14 na 0.24. Kwa kuhesabu vichwa tu, wako sawa.

Uzito wa kila kiashiria, lakini, umepangwa na watu mezani. Ubadilishe, na orodha nayo itabadilika.

"Wa tano ni bora kuliko wa tisa"

Huenda. Kama utafiti umehoji kaya 400 kwa kila mkoa na kiashiria kiko karibu na asilimia 50, kosa la sampuli, yaani tofauti inayoweza kutokea kwa kuhoji wachache badala ya wote, ni takriban alama 5 za asilimia juu au chini, na hapo ni kama kaya zilichaguliwa moja moja. Zikichaguliwa kwa makundi ya mitaa na vijiji, kama inavyofanyika mara nyingi, kosa kwa kawaida huongezeka. Mikoa iliyopishana alama mbili haijapishana kitu cha kuandikia kichwa cha habari.

"Kuridhika na maisha hakupimiki"

Kunapimika. Tangu mwaka 2011 ofisi ya takwimu ya Uingereza imekuwa ikiuliza maswali manne yenye majibu ya 0 hadi 10: umeridhika kiasi gani na maisha, unaona unayofanya yana maana, jana ulikuwa na furaha kiasi gani, jana ulikuwa na wasiwasi kiasi gani. Majibu hulinganishwa hadi ngazi ya halmashauri.

Udhaifu upo. Mwanauchumi Amartya Sen ameeleza kwa miaka mingi kwamba aliyezoea dhiki hupunguza matarajio yake, akajibu ameridhika. Kwa hiyo alama ya 8 isomwe pamoja na maji, shule na umri wa kuishi. Kuna na kosa la kienyeji zaidi la ukusanyaji: mkuu wa kaya kuwajibia wote waliomo ndani. Kwa maswali yale manne Waingereza hawalikubali. Mhusika asipokuwepo, nafasi yake inaachwa wazi.