Baali yupi?

Juzi kwenye grupu la mtaa mtu katuma klipu, jamaa anahubiri kwamba "Baali ndiye mungu wa Wababeli, yule shetani mwenye kichwa cha mbuzi", na watu kama kumi wakajibu amina. Nikanyamaza kwa sababu mama mdogo yumo humo. Ila hii ni mara ya nne mwezi huu nasikia hivyohivyo, acha leo niongee.

Baali maana yake bwana. Au mwenye, mmiliki, mume. Ni neno la kawaida la lugha za Kisemiti, lilianza likiwa cheo, sio jina. Basi, maana ndiyo hiyo.

Sasa sisi Waswahili ndio tulitakiwa kuelewa haraka kuliko wote, maana neno letu "bwana" linafanya kazi ileile kabisa. Kuna Bwana Mungu, kuna bwana shamba, bwana harusi, kuna bwana wa fulani yule anayekuja usiku usiku, na hakuna anayechanganyikiwa. Kiarabu mpaka leo ba'l ni mume: kwenye Qurani 11:72 mke wa Ibrahimu anashangaa atazaaje na huyu "ba'li", mume wangu, ni mzee, alafu ukifika 37:125 Ilyas anawauliza watu wake mbona mnamwomba Ba'l. Neno moja, kitabu kimoja, huku mume huku sanamu. Kwenye Biblia pia Hosea 2:16 Mungu anawaambia Israeli siku hiyo mtaniita Ishi, hamtaniita tena Baali, na yote mawili kwa Kiebrania ni "mume wangu", yaani walikuwa wanamwita hivyo Mungu wao wenyewe! Daudi akashinda vita akapaita mahali pale Baal-perasimu akimshukuru Bwana, na kati ya askari wake kulikuwa na mtu anaitwa Bealia, yaani Yahwe, Mungu wa Israeli, ndiye baali. Baadaye neno likaanza kunuka, ndio maana mtoto wa Sauli huku ni Eshbaali (1 Nyakati 8:33) na kule kwenye 2 Samweli ni Ishboshethi, na boshethi ni aibu. Waliona aibu hata kuliandika.

Kwa hiyo ukiniambia Baali mimi nauliza wa wapi, maana kila mji ulikuwa na bwana wake. Kuna Baal-peori, kuna Baal-zebubu wa Ekroni, mji wa Karthago kule Afrika Kaskazini walikuwa na Baal-Hamoni, na jemadari wao Hannibal jina lake linasema Baali amemfadhili.

Wa kwenye mlima Karmeli, yule wa Eliya na manabii 450, ni wa ukoo wa bwana wa mvua na radi, ambaye jina lake halisi ni Hadadi. Huyu tunamjua vizuri kwa sababu mwaka 1928 mkulima mmoja huko pwani ya Syria jembe lake liligonga kaburi la kale, wakaja wachimbaji mwaka uliofuata wakaukuta mji wa Ugarit na vibao vya udongo vimejaa hadithi zake, anapigana na Yamu ambaye ni bahari, anamezwa na Moti ambaye ni kifo, anarudi na mvua inarudi. Ndio maana Eliya alianza kwa kufunga mvua, alimpiga palepale kwenye kazi yake. Na mpaka leo wakulima wa Palestina na Lebanon shamba lisilomwagiliwa, linalosubiri mvua tu, wanaliita la ba'l.

Sura yake ipo pia, jiwe moja kubwa lilitoka hapohapo Ugarit na sasa lipo Louvre, Paris. Kijana ametanguliza mguu, mkono wa kulia umeinua rungu, wa kushoto ameshika mkuki umechomekwa chini na mpini wake unachipua kama mmea, kofia ina pembe. Mbuzi hayupo. Yule wa mbuzi ni mchoro wa Mfaransa wa karne ya 19, hata hawajuani.

Na Wababeli? Lugha yao, Kiakadi, iliipoteza ile ain, sauti ya kooni iliyo ndani ya ba'l, ilipoondoka ikaivuta a ikawa e, ndio tunapata Beli. Beli kwao ni Marduki, mungu mkuu wa Babeli, na ni cheo vilevile, kabla yake aliitwa hivyo mungu mwingine, Enlili, ambaye kwa Kisumeri en tayari ni bwana! Belshaza wa kwenye kitabu cha Danieli ni "Beli, mlinde mfalme". Kwa hiyo Beli na Baali ni neno moja lakini sio mtu mmoja, kama bwana shamba na bwana harusi.

Basi ndugu yangu wa klipu, mahubiri yako sijayagusa, rekebisha tu pale mwanzo: wa Babeli ni Beli, yaani Marduki, wa Ugarit ni Hadadi, na picha ukibadilisha weka pembe za ng'ombe.