Telomerasi Haina Swichi

Wiki hii tena, katika semina ya wanafunzi hapa Kampala, ilimulikwa ukutani ile picha niliyoichoka ya telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomia, yaani ncha za kromosomu zinazofupika kila seli inapogawanyika: kushoto seli ya kawaida, telomerasi "imezimwa", kulia seli ya saratani ya ngozi, telomerasi "imewashwa". Hakuna aliyeuliza swali, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Lakini si kila seli ya kawaida imezimwa: keratinosaiti, seli za ngozi za tabaka la chini la epidermisi, ambazo hugawanyika maisha yote ya mtu, zina telomerasi, japo kidogo, na limfosaiti (seli za kinga) zilizochochewa nazo zinayo. Kwa hiyo anayekisaga kipande kizima cha uvimbe, akakipima kwa TRAP, kipimo cha utendaji wa telomerasi, na kuona kwenye jeli ile ngazi ya mistari inayopishana kwa nyukleotidi sita sita, amethibitisha tu kwamba mahali fulani katika mchanganyiko ule palikuwa na kimeng'enya. Huenda kimetoka kwenye melanoma, saratani hiyo ya ngozi, huenda kimetoka kwenye limfosaiti zilizokuja kupambana nayo. Na kwa kuwa kipimo chenyewe hutumia PCR, mbinu ya kuzidisha nakala za DNA, seli chache zinatosha kukudanganya.

RNA ya kiolezo, sehemu ya telomerasi inayoelekeza DNA ipi iongezwe, inapatikana karibu katika seli zote. Kinachoadimika ni TERT, sehemu ya protini ya kimeng'enya, na ndiyo maana udhibiti mwingi huangukia kwenye promota ya jeni yake, yaani DNA inayoamua jeni isomwe kiasi gani. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba melanoma nyingi zina badiliko la herufi ya DNA C kuwa T katika nafasi ya -124 au -146 ya promota hiyo, badiliko lenye alama ya miale ya urujuanimno, ambalo huunda mahali papya pa kushikwa na protini za familia ya ETS, zinazochochea usomaji wa jeni, hasa GABP. Kwa kawaida hubadilika nakala moja tu, na hiyo ndiyo inayosomwa huku ya pili ikikaa kimya. Protini Myc huongeza usomaji, njia ya BRAF, inayopeleka ishara za ukuaji ndani ya seli, huzichochea protini za ETS, na TERT yenyewe hufosforishwa, yaani hubandikwa fosfeti. Hayo someni wenyewe.

Jambo ambalo siwezi kulipita ni dhana kwamba promota ikishabadilika, telomia hurefuka papo hapo. Hazirefuki. Kazi iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba kimeng'enya kinachopatikana mwanzoni ni kidogo, kinatosha kuziokoa telomia zilizo fupi kuliko zote, huku nyinginezo zikiendelea kufupika kila seli inapogawanyika. Ni baadaye tu, telomia zikiwa zimefikia ukingoni na kromosomu zimeanza kuyumba, ndipo TERT inapoongezeka vya kutosha. Matokeo yake ni melanoma yenye telomerasi nyingi na telomia fupi, ambayo mwanafunzi wa swichi ataiona kuwa kosa la maabara. Isitoshe, kimeng'enya lazima kifikishwe kwenye ncha ya kromosomu, kazi inayofanywa na protini TPP1, na mwaka 2022 iliripotiwa kwamba promota ya jeni ya TPP1 nayo hubadilika katika baadhi ya melanoma. TRAP haiwezi kukuambia lolote kuhusu hatua hiyo, kwa sababu ndani ya mrija kimeng'enya kimepewa kipande cha DNA mkononi.

Kuna pia methili, vikundi vidogo vya kemikali vinavyobandikwa kwenye DNA. Vitabu vinasema promota iliyojaa methili hunyamaza, lakini kwenye TERT ipo sehemu ambayo hujaa methili zaidi katika seli za saratani zinazoisoma jeni hiyo. Maelezo niliyoyasoma hadi leo hayajanishawishi.

Halafu tunasahau tuko wapi. Melanoma ambayo watafiti wa Uganda waliiandika tangu miaka ya 1960 ni ile ya nyayo, mahali ambapo jua halifiki sana. Katika aina hiyo mabadiliko ya promota ni machache, na mara nyingi zaidi jeni nzima ya TERT huongezwa nakala. Dawa itakayobuniwa kuizuia GABP isishike nafasi ya -124 haitakuwa na cha kuzuia kwenye uvimbe ambao promota yake ni nzima.