Protini za Utambulisho Juu ya Seli Shina za Uboho

Wengi hapa Tabora huijua CD4 kutokana na karatasi za majibu ya kliniki, ingawa si wote huelezwa kwamba CD4 ni protini iliyochomoza juu ya utando wa aina fulani ya chembe nyeupe za damu, na kwamba kinachohesabiwa ni chembe zenye protini hiyo. Protini inayoitambulisha seli kwa namna hii ndiyo huitwa protini ya utambulisho. Utaratibu wa kuzipa majina ya CD ulianzia katika mkutano wa Paris wa mwaka 1982, na namba inayofuata herufi hizo haielezi kazi ya protini.

Katika uboho wa mifupa, seli shina (seli changa ziwezazo kugeuka kuwa seli za aina nyingine) zinazozalisha damu hutafutwa hasa kwa CD34. Ugumu uko kwa seli shina zile ziitwazo za mesenkaima, ambazo huweza kugeuka kuwa seli za mfupa, gegedu au mafuta, kwa kuwa hazina alama, yaani protini ya utambulisho, iliyo yao peke yao. Ni kama treni ya Kigoma inapoingia stesheni ya Tabora, mwenye dumu la mawese utadhani ametoka Kigoma, kumbe ni mwenyeji aliyekuja kumpokea nduguye akabebeshwa mzigo. Mpaka uone dumu na tiketi pamoja, tena usione sare ya reli, ndipo utamhesabu kuwa abiria. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2006 vya kuzitambua seli hizi hufuata njia hiyohiyo: angalau asilimia 95 ya seli ziwe na CD105, CD73 na CD90, na zisizidi asilimia 2 zenye alama za seli za damu, kama CD45 na CD34.

Ili kuzisoma alama hizo, seli huchanganywa na kingamwili zenye rangi ing'aayo, kila moja ikishika protini yake, kisha hupitishwa moja moja mbele ya mwale wa leza, na mashine husoma mng'ao. Sampuli ya ulinganisho, yenye kingamwili isiyolenga chochote katika seli hizo, haikwepeki, maana seli zilizokufa hunasa rangi ovyo.

Hata hivyo seli za kawaida za tishu unganishi ya ngozi nazo hubeba alama zile tatu. Kwa sababu hiyo seli huoteshwa, hutazamwa kama zinashika kitako cha chombo cha plastiki, kisha hugawanywa katika vimiminika vitatu vya kuzigeuza kuwa mfupa, gegedu au mafuta. Zilizogeuka mafuta, zikishatiwa rangi maalumu, huonekana chini ya hadubini zimejaa matone mekundu kama mawese.